Mizunguko Sita

Bi Tuulikki Väyrynen ameandika barua ya nne,
kwa penseli, nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana:
"Mashine zenu zinapumua chumbani mwangu."
Bosi alicheka, kisha akanikabidhi kipimo cha sauti.
Nenda, Eerik. Kamwonyeshe namba.

Nikavuka mto kwa miguu, daraja limevaa barafu,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na nyuma yangu kile kiwanda cha zamani cha karatasi
ambacho siku hizi hakitoi hata karatasi ya kufungia samaki:
ni seva tu, safu kwa safu, kila moja na feni zake sita
ndogo kama visosi, kali kama nyigu,
na juu ya paa mapangaboi makubwa kumi na mawili
yakitema angani joto lililobaki.

Mle ndani hatusemezani. Tunaonyeshana vidole.
Vizibo vya masikio vimetuchora alama mashavuni.
Desibeli themanini na nane: ukipiga chafya
unajijua kwa mabega kutikisika.
Ng'ambo ya mto, lakini, kinachofika ni mvumo tu,
mvumo wa mtu aliyefumba mdomo
na neno limo.

Alinipa kahawa, na mkate mweusi wenye siagi.
Nikasimamisha kipimo mezani, tukanyamaza sote,
yeye, mimi, na paka wake mwenye sikio moja.
Saa tano usiku. Thelathini na moja.
Iko chini ya kiwango, mama.
"Hiyo namba yako," akasema, "imewahi kulala hapa?"

Akanipeleka chumbani, akanionyesha mto.
Nikavua buti. Nikalaza kichwa, soksi zangu zinatoa maji,
na ukutani nikaisikia:
feni mbili zisizopatana,
moja imeitangulia nyingine kwa unywele,
sauti zikipanda pamoja, zikizama pamoja,
kila sekunde mbili,
wuuu,
wuuu,
kama pafu.

"Miaka thelathini na minane," alisema kutoka mlangoni,
"mashine ya karatasi ilinguruma palepale,
sahani zikicheza kabatini, wala sikugutuka.
Kelele ile ilikuwa na Urho ndani yake.
Ilimrudisha saa kumi na mbili na robo asubuhi,
ananuka salfa, pamba bado masikioni,
ananijibu maswali nisiyouliza.
Hii yenu hairudishi mtu."

Fomu yangu haikuwa na mahali pa kuandika hilo.
Nikashika bomba la joto chini ya dirisha. Linachoma.
Maji yale yanatoka kwetu:
picha za harusi za watu wasiojuana,
madeni ya benki, na mzazi fulani, usiku wa manane,
anayetafuta dawa ya kifaduro,
vyote vinachemka huko, vinapita chini ya mto,
vinaingia kwake bila hodi,
naye anaanikia juu yake taulo za jikoni.
Sikumwambia. Pengine anajua.

Nilipanda paani usiku uleule,
glavu zikigandia ngazi.
Ya saba na ya nane, zile za upande wa mto.
Nikaipunguza ya nane mizunguko sita kwa dakika.
Sita tu; jicho halioni, bili ya umeme haioni.
Nikasubiri. Mvumo ukanyooka
kama shuka lililovutwa na watu wawili.

Asubuhi simu ikalia.
"Zimeacha kupumua."
Vizuri, mama?
Kimya. Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Sasa nasikia friji," akasema.
"Njoo Alhamisi uisikilize.
Hicho kipimo kiache."